Ubao wa Misumari

Tulimzika Bwana Nyaga mwezi uliopita, nyumbani kwake upande wa Gachoka, kwenye jua ambalo nilikuwa nimelisahau. Sisi tunaoishi Kaaga, kwenye baridi ya Meru, hatujui jua la namna hiyo. Nilikaa kwenye hema la wageni, nguo imenigandia mgongoni, na mshereheshaji alipowaita waliofanya kazi na marehemu nilisimama nikasema maneno machache: kwamba yeye ndiye aliyenipa kazi yangu ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa, na kwamba alinivumilia. Nilipoketi, mama mmoja mwenye fimbo nyeupe alipita katikati ya viti, binti yake amemshika kiwiko, akasimama mbele yangu. "Ni Mwalimu Kendi," alisema, bila kuuliza. "Sauti yako haijazeeka." Nikamwita kwa jina, Wanjira, na binti akamtafutia kiti, tukakaa tumeshikana mikono wakati mchungaji akiendelea kuhubiri. Tulikuwa wanawake wawili wa makamo, mmoja mstaafu na mwingine mkulima wa muguka, yale majani ya kutafuna, na tangu siku ile tuliyoagana tukiwa wasichana hatukuwa tumewahi kuonana tena. Nimerudi Kaaga, lakini tangu wakati huo mwaka ule mmoja umekataa kukaa mahali pake. Nikiosha vyombo unakuja. Nikilala unakuja.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu, na shule moja ya kutwa karibu na Gachoka ilikuwa haina mwalimu wa hisabati. Hivyo ndivyo mimi wa Kanyakine, niliyezoea ukungu na migomba na matope, nilivyojikuta kwenye nchi ya vumbi jekundu na mbuzi, ambako maji yalikuja kwa punda na upepo wa mchana ulikuwa wa moto kama pumzi ya mtu mwenye homa. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka la Mama Kivuti. Kuta zilikuwa za mbao na hazikufika kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa dukani kilinifuata hadi kitandani. Nilikuwa na jiko la mafuta, meza niliyoazimwa na shule, na dirisha dogo lililotazama choo cha jirani. Shida yangu kubwa mwanzoni ilikuwa sufuria. Kwetu hakuna aliyewahi kupikia mtu mmoja. Sikujua unga wa mtu mmoja ni kiasi gani. Wiki za kwanza nilipika ugali, nikala robo yake, nikakaa nikiutazama ule uliobaki kama mgeni aliyekataa kuondoka. Baadaye nilijifunza kupika ugali wa ukubwa wa ngumi. Niliona nimepiga hatua, lakini siku nilipoupatia kabisa, bila hata tonge la kubaki, nilikaa kitandani nikalia.

Wanawake walikuja dukani kununua chumvi na sabuni, wakakaa wakiongea Kimbeere. Lugha hiyo na Kimeru zinasikilizana nusu nusu, na nusu niliyoisikia ndiyo iliyoniuma. "Huyo mwalimu wa Meru anapika kama mgonjwa," mmoja alisema alasiri moja, mimi nikiwa nimelala upande wa pili wa ubao. "Chakula kinachotosha kiganja." Mama Kivuti akajibu, "Na hatoki. Akitoka shule anafunga mlango. Hata redio hana." Wengine wakaguna. Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko wote waliokuwa pale dukani, najua ile miguno ilikuwa ya huruma. Wakati ule nilisikia kicheko ambacho hakikuwepo, na kuanzia siku hiyo nikawa nafunga mlango mapema zaidi. Walimu wenzangu walikuwa wanaume wenye miji yao, wenye mbuzi na ndengu za kupalilia, na kengele ya mwisho ikilia walipotea kwenye vijia vyao. Ijumaa jioni kimya kilianza, na hakikuisha hadi Jumatatu kwenye gwaride la asubuhi. Kuna Jumapili nilizoenda kanisani ili tu mtu anishike mkono aniambie "Bwana asifiwe."

Wanjira alikuwa kidato cha pili, dawati la mbele, akiinamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza, kwa sababu alikuwa ameanza kuona kwa pembe tu ya jicho. Ilikuwa presha ya macho. Daktari wa Embu alikuwa amemwambia nyanya yake kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hawezi kuahidi. Aliishi na huyo nyanya, ambaye watu wote, wazee kwa watoto, walimwita Cucu. Muhula wa kwanza alikuwa bado anasoma maandishi makubwa ubaoni. Tulipofungua muhula wa pili tukaingia mada ya mabadiliko ya maumbo: unachora pembetatu kwenye karatasi ya grafu, halafu unaisogeza, unaiakisi kwenye mstari wa kioo, unaizungusha, unaikuza. Ni mada niliyoipenda kuliko zote. Nilipenda kwamba umbo linaweza kuhama, kugeuka, kulala kifudifudi, na bado pembe zake zikabaki zilezile. Siku ya kwanza nilipita kati ya madawati nikiangalia kazi, nikafika kwake. Alikuwa amekandamiza penseli mpaka karatasi imetoboka, na mistari yake haikuwa karibu na mraba wowote. Nikainama, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Unaona miraba?" Akafikiria kidogo. "Naona karatasi," alisema.

Katika chumba cha walimu, wakati wa chai ya saa nne, mmoja wetu alisema kwamba msichana yule aachwe apumzike nyumbani. Hesabu za picha kwa mtu asiyeona ni za kazi gani? Wengine walitazama vikombe vyao. Bwana Nyaga, mwalimu mkuu, mtu mrefu aliyefundisha historia na kutembea kama anayepima shamba, alikoroga chai yake kwa muda. "Bado ni mwanafunzi wangu," alisema. Baadaye alinikuta varandani. "Mwalimu Kendi, hiyo mada ni ya lazima?" Nikamwambia iko kwenye mtihani. "Basi tafuta njia," alisema, akaenda zake. Sikuwa na njia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na chaki.

Jumamosi iliyofuata Wanjira alikuja mwenyewe, akifuata ua kwa fimbo, amebeba uji wa mawele kwenye kibuyu na ndengu kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa. "Cucu amesema tule," alisema mlangoni, "halafu unifundishe." Nilifurahi kupita kiasi, na nikaificha furaha hiyo nyuma ya sura ya mwalimu. Nilijiona mtu muhimu. Msichana ametembea kwenye jua lile kutafuta hesabu zangu. Kwa miaka yote iliyofuata, kila niliposimulia habari za kazi yangu, nilisimulia hivyo: mwanafunzi aliyekuja kwa kiu ya kujifunza. Kwenye mazishi ndipo Wanjira aliponiambia, akicheka kidogo, kwamba wakati ule hesabu alikuwa ameshakata tamaa nazo. "Cucu ndiye alinituma," alisema. "Alisikia pale dukani. Akaniambia, kwa Mama Kivuti kuna mtoto wa watu anakula peke yake, chukua hiki chakula uende ukakae naye. Nikamwambia, Cucu, nitaongea nini na mwalimu? Akasema, mwambie akufundishe, hiyo ndiyo lugha anajua." Nilimsikiliza sahani ya wali ikiwa mapajani. Nadhani nilisema, "Asante."

Tulikula kwa vijiko, sote wawili kwenye bakuli moja. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu akila na mwenzake chakula huwa na sauti. Tulipomaliza, vidole vyake vilianza kutembea ukutani, kwenye mbao za chumba changu, vikigusa vichwa vya misumari kimoja baada ya kingine. "Hii imepangwa," alisema. "Inaenda sawa sawa mpaka pale, halafu inashuka." Niliutazama ule mkono, na wazo likaja. Siku hiyohiyo nilienda kwa fundi seremala aliyekuwa ng'ambo ya barabara nikaomba kipande cha ubao na misumari midogo. Nilipigilia mwenyewe, misumari kwa safu, umbali wa kidole kati ya mmoja na mwingine, mpaka Mama Kivuti akaja kuuliza kama najenga kibanda cha kuku ndani ya nyumba yake. Nikafunga uzi mnene katikati, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, na pale zilipokutana tukapaita kitovu. Pembetatu tulizitengeneza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa kama mikanda, vikinyooshwa kutoka msumari hadi msumari.

Kusogeza alikuelewa mara moja. Ni kuhesabu misumari kulia, kisha juu. Kuzungusha pia, kwa sababu nilikata pembetatu ya boksi nikaitoboa, akaishika kwenye msumari akaizungusha kwa kidole. Kuakisi ndiko kulikotushinda. Kila nilipomwambia aakisi pembetatu kwenye uzi, aliibeba akaivusha ng'ambo ikiwa imetazama vilevile. "Umeisogeza tu," nilimwambia. "Fikiria kioo." Akauachia mpira. "Kioo nilikiacha mwaka jana, Mwalimu," alisema. Aliongea bila kulalamika, kama mtu anayetaja mji aliohama, na mimi nikaona haya mpaka masikioni. Nje punda wa maji walikuwa wanapita. Halafu nilichukua mikono yake nikaibandika kiganja kwa kiganja, kidole gumba kwa kidole gumba. "Mkono wa kushoto," nilisema, "si mkono wa kulia uliosogezwa. Jaribu kuuweka wa kulia mahali pa kushoto." Akajaribu, akageuza geuza, gumba likawa kila mara liko upande usiofaa. Akabandika viganja tena. Akavifungua polepole kama kitabu, akavifunga. Nilijua amefika kabla hajasema chochote, kwa sababu mabega yake yalishuka.

Baada ya hapo alikuja kila Jumamosi, na macho yake yakawa yanazima huku vidole vikiwa hodari. Mwezi wa saba aliniambia haoni tena dirisha langu. Alisema hivyo akiwa ananyoosha mpira kwenye misumari, na aliendelea kunyoosha. Jumamosi moja nilimpa pembetatu aiakisi kwenye mstari ule wa mshazari unaopita kitovuni, kisha matokeo yake ayaakisi tena kwenye uzi uliosimama. Alifanya ya kwanza, akafanya ya pili, akarudi akapapasa umbo la mwanzo, akaenda tena kwenye la mwisho. "Mwalimu, hapa kuna kitu," alisema. "Hii ya mwisho haijapinduka. Imezunguka tu. Robo." Nikamwambia aangalie vizuri. Akachukua pembetatu ya boksi, akaweka kidole cha mkono mmoja kitovuni, akaizungusha kwa mkono mwingine kinyume cha saa, na ikaangukia juu ya mpira sawasawa. Vioo viwili vinatoa mzunguko. Jambo hilo lilikuwa kwenye kitabu, kurasa za mbele ambazo hatukuwa tumefika, na mimi mwenyewe nililisoma shuleni nikalikariri. Sikuwahi kuliona mpaka siku ile, kwenye mikono ya mtu mwingine. Mama Kivuti alisikia tukicheka akagonga ukuta akauliza kuna nini. "Imezunguka," Wanjira alimjibu kupitia ubao, na Mama Kivuti akasema haya.

Bwana Nyaga alikuwa amemtafutia Wanjira nafasi kwenye shule ya wasioona, mbali, safari ya kutwa nzima. Aliniambia muhula wa tatu ulipoanza. Nilimpinga kwa ukali ambao ulinishangaza mwenyewe. Nikamwambia msichana anaweza, nimemwona akiweza, amjaribu yeye mwenyewe. Hakukasirika. Siku ya mtihani wa katikati ya muhula alituita ofisini kwake, mimi na Wanjira, tukaweka ubao juu ya meza kati ya mafaili, na yeye akamsomea maswali kwa sauti yake ya historia, polepole, kama anayesoma mkataba wa wafalme. Maswali ya kukuza alikosa moja. Kisha likaja swali la kuakisi mara mbili, mstari wa mshazari kwanza, halafu uliosimama, na mwishoni ataje badiliko moja linaloweza kufanya kazi ya yote mawili. Wanjira hakugusa mpira. "Robo mzunguko, kinyume cha saa, kwenye kitovu," alisema. Bwana Nyaga alitazama karatasi ya majibu, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. "Imeandikwa hivyohivyo," aliniambia mimi, kana kwamba nisingeamini.

Nilisema, "Basi anabaki." Bwana Nyaga alifunika ile karatasi. "Mwalimu Kendi, mwaka ujao wewe utakuwa wapi?" Nikasema chuoni, wakinichukua. "Na ukishaenda, nani atampigilia misumari? Mwalimu wa jiografia? Mimi?" Hakuuliza kwa kejeli. Nilitafuta jibu, na katika kulitafuta nikagundua kwamba nilikuwa tayari kusema nitaacha chuo. Neno lilifika mdomoni. Wanjira akalitangulia. "Mimi nataka kwenda, Mwalimu," alisema, uso wake umeelekea katikati yetu. "Wanasema huko kuna vitabu vya kusoma na vidole. Hapa nina kitabu kimoja, na ni wewe." Alitafuta mkono wangu mezani, akaukosa, akaupata. "Na wewe unaenda." Nikamwambia ni vizuri. Nikamwambia ni vizuri sana. Nilirudi darasani nikafundisha somo zima nikiwa nimewapa wanafunzi mgongo.

Bwana Nyaga alimpeleka mwenyewe kwa pikapu ya shule, siku ya Jumatano, asubuhi. Wanafunzi walisimama kwenye ua wakipunga mikono, mpaka mmoja akakumbuka kwamba Wanjira haoni, wakaanza kumwita kwa sauti. Jumamosi ilipofika nilipika ugali wangu, nikautazama, nikaufunika. Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya mwaka mzima: nilienda nyumbani kwa Cucu. Nilifuata ua ule ule aliofuata Wanjira. Cucu alikuwa kivulini kwenye ukuta wa nyumba akipepeta kunde, mwanamke wa umbo dogo mwenye mikono mikubwa, na aliponiona hakuonyesha kushangaa. Alisogeza kigoda kwa mguu. Alisema Kimbeere, nikajibu Kimeru, na pale maneno yalipokatika tulitumia mikono. Aliniambia nyumba imekuwa kubwa. Nikamwambia chumba changu pia. Akacheka, akaniita mwana wake, akanipa ungo. Tulichambua kunde hadi kivuli kikahamia upande mwingine wa nyumba, tukahama nacho. Chakula kilipoiva alinipakulia mara mbili bila kuniuliza, akakaa mbele yangu mpaka bakuli likawa tupu. Nilienda kila Jumamosi mpaka shule ilipofungwa. Sikumbuki mengi tuliyoyasema. Nimekaa katika nyumba nyingi tangu wakati huo, nyingine nikiwa na mume, nyingine nikiwa na watoto, na sijui kama kuna mahali nimewahi kunyamaza na mtu kwa raha namna ile. Siku ya kuondoka alinifungia kunde kwenye kitambaa, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akasema jambo refu ambalo sikulielewa. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa, kwa sababu gari la Embu lilikuwa linasubiri.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani mwezi uliopita, nikiwa nimekaa na Wanjira hemani na sahani zetu. Alinisimulia maisha yake kwa ufupi, kama mtu anayefungua na kufunga milango: shule, kazi ya kupokea simu kwenye hospitali mpaka mitambo ya simu ilipoondolewa, mume, watoto, muguka. Mtihani wa hesabu alipita. Katikati ya hayo nilimuuliza Cucu aliishi hadi lini. "Aa, Cucu alienda zamani," alisema. "Mwaka ule uliofuata, nikiwa bado mgeni kule shuleni. Hata mimi niliambiwa wameshazika." Kisha akageuka kumwambia binti yake amwongezee supu, na mazungumzo yakaenda kwingine. Mwaka uliofuata. Nilikuwa chuoni wakati huo, nikipika na wasichana wengine kwenye sufuria moja, nikipanga kila likizo kwamba nitashuka Gachoka kumsalimia, na kila likizo nikiahirisha. Hakuna aliyeniletea habari. Kwa nini waniletee? Katika mji wote ule hakuna aliyejua kwamba mimi ni mmoja wa wale wa kuambiwa.

Kwaya ya akina mama ilisimama kuimba, watu wakaanza kuelekea kaburini, na mimi nilibaki nimekaa, machozi yananitoka bila mpangilio kama ya mtoto. Mwanamke mmoja nisiyemjua, wa upande wa familia, aliniona akarudi. Aliniinamia, akanipa leso. "Pole, mama," alisema. "Naona mlikuwa mnafahamiana sana. Bwana Nyaga alikuwa mtu mzuri." Nikajifuta uso. Nikamwambia ndiyo, alikuwa mtu mzuri sana, na huo haukuwa uongo. Akanishika mkono, tukaenda kumwekea maua.